Je, Wajua? Jahazi lililovalishwa kandambili

Jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu kwa takataka za plastiki, kisha likavikwa kandambili kuukuu zipatazo 30,000. Nyekundu, buluu, njano: rangi zote hizo za ubavuni ni za viatu vilivyotupwa. Mwaka 2019 lilitweka tanga hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi.

Vyombo vingine hupambwa kwa njia nyingine: ngalawa ya mbao ya Tanga hupakwa rangi na kuandikwa jina, basi. Kayaki ya plastiki ni mkaidi: rangi ya kawaida hubanduka. Viwandani hupitishwa mwali wa moto upesi juu yake ndipo rangi ishike. Ukizubaa, plastiki inayeyuka!

Nao mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, ulichorwa macho omoni.