Mto ukijaa usiku, je, ujumbe utavuka msitu?

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, na mito ikafurika Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Tangu siku ile swali linarudi kila msimu wa mvua: kwa nini wakaaji wa chini hawajulishwi mapema kwamba maji yamepanda huko juu?

Vifaa vya kazi hiyo vipo. Vinaitwa vihisi. Kimoja kinapima kimo cha maji na kutuma habari kwa mawimbi ya redio, kingine kinapokea na kusukuma mbele, hivyo hivyo mpaka mjini. Hakuna waya, betri na paneli ndogo ya jua vinatosha. Milima ya Kalehe imekatwa miti mingi, lakini kando ya mito kama Elila na Ulindi msitu ni mzito, na hapo ndipo shida inaanzia.

Kwenye karatasi ya kifaa utasoma kwamba kinafika kilometa 10 au zaidi. Ni kweli, mahali peupe. Majani yana maji ndani yake, na maji yanameza mawimbi. Kwa hesabu ya Weissberger ya mwaka 1982, mita 100 tu za miti yenye majani zinapunguza nguvu ya mawimbi ya megahezi 868 karibu mara 80; yale ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi inatumia, zaidi ya mara 300. Na hesabu hiyo ni ya miti mikavu! Mvua ikilowesha majani, hasara inazidi. Yaani ujumbe unadhoofika usiku uleule unaohitajika. Anayejaribu vifaa mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, anajidanganya.

Urefu wa antena nao una neno. Kwa umbali wa kilometa 1, mawimbi ya megahezi 868 yanataka nafasi wazi ya mita 9 hivi kila upande katikati ya njia. Antena iliyofungwa kwenye kijiti cha mita 2 inapoteza hata pasipo mti. Mto wenyewe ni njia nzuri, maana juu ya maji hakuna majani, ila kona ya kwanza inaifunga.

Huko Honduras, kwenye mto Aguán, watafiti wa MIT walitumia megahezi 900 kwa vihisi vilivyo karibu, na megahezi 144 kwa safari ndefu. Mawimbi hayo marefu yanapenya miti vizuri zaidi. Antena yake ni kubwa na habari zinapita polepole, lakini kimo cha mto ni nambari moja tu.

Basi kabla ya kununua chochote, watu wawili wachukue redio mbili, waende kando ya mto mwezi wa Novemba mvua ikinyesha, watume jumbe 100 na kuhesabu ngapi zimefika.