Nilinunua chenso mbovu ili nijue ninachouza

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni kitu ambacho hujawahi kukifungua. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Niko Mafinga, huku kwenye mbao, nauza spea za chenso kwa status ya WhatsApp na Instagram. Mzigo unatoka Kariakoo, unapanda basi, napiga picha, naweka bei. Ukiniuliza swali lolote nje ya bei nilikuwa nagugo fasta halafu nakujibu kama mtaalamu.

Siku moja mzee mmoja akaagiza mnyororo, akaniambia ni wa ubapa wa inchi 20. Nikatuma. Kesho yake akapiga simu, mnyororo haukai kabisa. Alikuwa porini na vijana wanne wa kulipwa kwa siku, wote wamekaa chini. Hakunitukana. Alisema tu, "Kijana, unauza usichokijua." Nikarudisha hela yake pamoja na nauli ya mzigo, ila hilo neno halikutoka kichwani.

Ndipo nikaamua kununua chenso iliyokufa, niivue yote, niirudishe mpaka ikate mti. Sikuifanya kama biashara, niliihesabu kama ada ya shule. Mimi nimeishia kidato cha nne na fizikia nilipata F, kwa hiyo usijiweke chini.

Nilipata ya cc 72 kwa 150,000, mwenyewe kasema "inawaka ila inazima". Kabla ya kutoa hela fanya mambo mawili. Kwanza, zima swichi, shika kile kishikio cha kamba ya kuwashia, uiache mashine ining'inie kwa uzito wake. Ikishuka taratibu kwa kukwamakwama, kompresheni ipo. Ikiporomoka moja kwa moja, ndani kumeisha. Pili, omba ufungue egzosi. Ni boliti chache tu. Mulika tochi ya simu kwenye tundu utaiona pistoni yenyewe. Ikiwa laini inang'aa, sawa. Ikiwa na mikwaruzo ya kushuka wima, imeungua. Muuzaji akikataa usifungue, mwache na mashine yake.

Ya kwangu ilikuwa na mikwaruzo upande wa egzosi. Nilijua hilo na nikalitumia kushusha bei, maana alianza na 220,000.

Nikaivua juu ya meza ya mama ya jikoni (alikasirika, tuendelee). Ushauri mmoja hapa: kila hatua piga picha, na boliti za kila sehemu weka kwenye kifuniko chake cha soda. Silinda ilikuwa na ukungu wa alumini ulioganda kutoka kwenye pistoni, nikausafisha, nikapitisha ukucha, haukukwama popote. Ukucha usipokwama unaweza kuendelea nayo. Nikanunua pistoni ya milimita 52 na ringi zake kwa 45,000. Mshale ulio juu ya pistoni unaangalia egzosi, na mdomo wa ringi unakaa kwenye kile kipini kidogo kwenye mfereji wake. Ukikosea hapo ringi inavunjika.

Ikawaka aisee. Nikarekodi video, nikaweka status, watu wakanipa hongera. Nikaenda kukata magogo ya mkaratusi nyuma ya nyumba. Kama dakika kumi hivi nikasikia sauti inapanda yenyewe, inalia juu kama pikipiki iliyokwama gia. Naachia mafuta, haishuki haraka. Mimi nikaona ni nguvu! Kidogo ikazima, kamba haivutiki.

Nikafungua egzosi. Pistoni mpya, mikwaruzo ile ile, upande ule ule. Na safari hii silinda nayo ukucha unakwama.

Ile 45,000 ilikuwa hela ya kikoba, ya mama sio yangu. Nilikaa siku tatu sijagusa mashine.

Fundi wa pikipiki wa jirani ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikujiuliza: "Ya kwanza iliungua kwa nini?" Mimi nilibadilisha kilichoungua, sikutafuta kilichounguza. Chenso haina oili yake ya injini. Oili inakuja ndani ya petroli, na mchanganyiko wote unapita kwanza chini kwenye kranki ndipo upande juu. Sasa kama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, mchanganyiko unakuwa mwembamba: petroli kidogo, oili kidogo, moto mwingi. Ile sauti ya kupanda yenyewe ndiyo dalili. Ukiisikia zima hapo hapo.

Tukaipima. Tuliziba tundu la egzosi na la kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukafunga sindano ya tyubu kwenye tundu la plagi, tukatia upepo kidogo sana kwa pampu, halafu tukapaka povu la sabuni kila maungio. Mapovu yakatoka kwenye sili ya kranki upande wa sumaku. Sili mbili ni 8,000. Kumbe elfu nane ndiyo iliyokula pistoni mbili.

Nikanunua silinda na pistoni yake 110,000, sili 8,000, kiti ya kabureta 12,000, plagi 5,000, chujio na mpira wa mafuta 7,000. Jumlisha na zile za mwanzo, 337,000. Mafuta nikachanganya kwa kipimo badala ya jicho: 50 kwa 1 na oili nzuri ya tu-stroki ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukiwa na oili ya kawaida ya tu-stroki weka 25 kwa 1, yaani mililita 200. Oili ya gari usiguse.

Safari hii ilikata wiki mbili bila kelele. Nikajaribu breki ya mnyororo inashika, maana mashine isiyo na breki inaweza kumrukia mtu usoni, hiyo siuzi. Kisha nikaitangaza. Swali likawa niseme au nisiseme. Niliweka picha za pistoni zote mbili zilizoungua na maelezo ya kilichotokea. Watu wawili waliokuwa wanakuja na 400,000 wakapotea. Ikaenda kwa 320,000, hasara ya 17,000. Aliyenunua alisema ndiyo mashine pekee aliyoambiwa historia yake. Na wewe ukitaka kuuza nzima, pitia ofisi ya TFS kwanza uulize habari za usajili.

Faida ikaja kwenye spea. Sasa mtu akiniambia "mnyororo wa inchi 20" sitoi bei. Namuuliza vitu vitatu. Moja, apime kwa rula kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu: milimita 19 ni 3/8, milimita 16.5 ni .325. Mbili, unene wa meno ya chini yanayoingia kwenye mfereji wa ubapa, 1.3, 1.5 au 1.6. Tatu, ahesabu hayo meno ya chini yote. Kama namba zimepigwa kwenye mnyororo au ubapa, anitumie picha. Na tupa nayo inafuata: ya 5.2 kwa 3/8, ya 4.8 kwa .325. Tangu nianze hivyo mnyororo haujarudi hata mmoja.

Yule mzee hajaninunulia tena. Nilimtumia ujumbe, ukasomwa, basi.

Zile pistoni mbili zipo mezani kwangu. Mteja akisema anataka pistoni tu, namshikisha moja halafu namuuliza sili alibadilisha lini.