Kati ya Masisi na Masasi

Mama alishuka kutoka Newala kwa gari la asubuhi, simu ikiwa kwenye fundo la kanga. Kibanda cha fundi kiko hatua chache kutoka stendi ya Masasi: meza moja, kioo cha kukuzia, waya za chaji zinazoning'inia, na benchi la wateja ambalo nami nilikuwa nimelikalia. "Shikamoo mama," fundi alisema bila kuacha kufungua skrubu za simu ya mtu mwingine. "Marahaba mwanangu. Hii inazima. Ikifika arobaini tu, inazima."

Zamu yake ilipofika, kifuniko kiliinuka chenyewe. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Fundi aliigusa kwa ncha ya kidole, akaichomoa taratibu kwa kipande cha plastiki, akaiweka chini mbali na jua. iPhone hiyo mama aliletewa na mjomba wake kutoka Dar es Salaam, baada ya fedha za korosho kuingia, na muuzaji alimhakikishia mjomba kwamba imekuja kutoka Dubai na ni safi. Kwa nje ilikuwa safi kweli. Kioo hakikuwa na mkwaruzo, na kava lilikuwa jipya. Ndani mlikuwa na betri iliyokwishatumika karibu uhai wake wote mikononi mwa mtu ambaye mama hatamjua.

Nimefuatilia kwa miaka kadhaa kesi zinazoiandama Apple, na kila mara najiuliza swali lile lile: ni hukumu ipi kati ya hizi iliyowahi kufika kwenye benchi kama hili? Habari zenyewe haziishi. Machi 2024 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa namna ilivyowabana wauzaji wa huduma za muziki. Mwezi huo huo serikali ya Marekani ikaishtaki huko New Jersey kwa kuhodhi soko la simu. Desemba 2024 ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi iliyodai kwamba msaidizi wake wa sauti, Siri, alinasa mazungumzo ya watu bila idhini yao, dai ambalo kampuni ililikana. Aprili 2025 Ulaya ikaiongezea faini nyingine ya euro milioni 500. Fedha hizo zikitajwa redioni, msikilizaji wa Newala hupata picha ya jitu linaloadhibiwa, lakini yeye mwenyewe hapati chochote.

Kesi inayomhusu zaidi ni ya betri. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kuchajiwa na kutumika, na joto huiharakisha. Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zilitengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Mtu anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku hufika hapo kabla ya mwaka na nusu. Baada ya hapo betri bado inashika chaji kiasi, ila simu ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla, kwa mfano kamera inapofunguliwa, haiwezi kuutoa, na simu inazima. Mama alikuwa ameeleza jambo hilo kwa maneno sita.

Mwaka 2017 Apple ilitoa toleo la programu lililopunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Kiufundi hoja hiyo ina mashiko, na sioni sababu ya kuikataa. Kosa lilikuwa kutowaeleza wenye simu. Wengi waliona simu zao zimekuwa nzito, wakaamini zimechakaa zote, wakanunua mpya, wakati betri peke yake ingetosha. Desemba mwaka huo, baada ya vipimo vya watu wa nje kuonyesha jinsi kasi ilivyokuwa ikishuka, kampuni ilikiri, ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Mwezi uliofuata ikafikiwa suluhu nchini Marekani ya hadi dola milioni 500, bila kampuni kukiri kosa. Januari 2024 malipo yakaanza kuingia, kama dola 92 kwa kila dai lililokubaliwa.

Ili ulipwe ilikupasa uwe mkazi wa Marekani na uwe na simu iliyoathirika kabla ya Desemba 21, 2017. Sheria ya nchi ile inawalinda watu wake, na hilo silalamikii. Ninacholalamikia ni kwamba simu zile zile, iPhone 6 na 6s na 7, hazikubaki huko. Ziliuzwa, zikafungwa kwenye maboksi, zikapita Dubai na Kariakoo, zikaletwa kusini na betri zilezile. Fidia ilimfuata mmiliki wa kwanza, na ubovu ukaifuata simu. Aliyenunua mkono wa tatu alikuwa anakihitaji kifaa hicho kuliko wenzake wote waliotangulia, kwa sababu kwake simu ndiyo benki, ndiyo barua, na ndiyo njia ya kujua bei ya mnada.

Na bado ipo sheria moja ya Ulaya iliyofika Masasi salama, na ushahidi wake ulikuwa umening'inia pale kibandani. Kwa zaidi ya miaka kumi simu za Apple zilikuwa na tundu lao la chaji lisiloingiliana na la mtu mwingine. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba simu zote zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina moja ifikapo Desemba 28, 2024. Apple ilipinga, ikidai kwamba sheria ya namna hiyo itadumaza ubunifu. Septemba 2023 ikatoa iPhone 15 yenye tundu la Taipu C, na ikaitoa hivyo kwa dunia nzima. Leo mwenye iPhone mpya ya "macho matatu" na mwenye Tecno wanaazimana waya mmoja. Hakuna Mtanzania aliyekwenda mahakamani kwa ajili hiyo, wala aliyejaza fomu ya madai.

Tofauti naiona hapo. Sheria ya Ulaya iliyobadilisha kifaa ilisafiri na kifaa, ikavuka bahari ndani ya kontena na kupanda nacho hadi Newala. Hukumu zilizotoa fedha zilibaki kwa wenye anwani za huko. Ndiyo maana faini za mabilioni hazinisisimui tena, na macho yangu yako kwenye vifungu vikavu ambavyo havipati nafasi kwenye taarifa ya habari. Tangu Juni 20, 2025, simu mpya zinazouzwa Ulaya zinatakiwa kuwa na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800, na vipuri vyake vipatikane kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka zitatakiwa ziweze kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeachwa mianya kwa simu zinazodumu zaidi na zisizopitisha maji. Jimbo la Oregon nchini Marekani limepiga marufuku, kwa simu zilizoanza kuuzwa 2025, mtindo wa kukifunga kipuri kwa programu ili simu ikikatae kikiwekwa na fundi wa nje. Apple ilikwenda kupinga muswada huo. Fundi wa Masasi anaujua mtindo huo vizuri kuliko mbunge yeyote: anabadilisha betri, inafanya kazi, kisha simu inamwonya mteja kwamba betri haitambuliki, na mteja anamgeukia fundi kana kwamba ameibiwa.

Hapa kwetu hatuna sababu ya kungoja yote yashushwe kutoka Ulaya, na watu wa uwanda wa Makonde wanaelewa upimaji kuliko wengi. Mkulima akipeleka gunia la korosho ghalani, mzigo hupimwa uzito na unyevu, korosho huchukuliwa sampuli na kukatwa, na daraja hutajwa. Zikiwa na unyevu kupita kiasi anarudishiwa akaanike. Amezoea kwamba mali yake haiwezi kuuzwa kwa kutazamwa ganda. Lakini fedha ya korosho hiyo inapogeuzwa simu, yeye huuziwa kwa kutazama ganda. Simu nyingi za Apple huonyesha kwenye mipangilio asilimia ya uwezo wa betri uliobaki, na wafanyabiashara wa mjini huulizana namba hiyo kabla ya bei. Kinachokosekana ni kumlazimisha muuzaji aiandike kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Kanuni ya ukurasa mmoja kuhusu simu za mtumba ingetosha kuanzia: uwezo wa betri, kama imewahi kufunguliwa, na kama imeondolewa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza.

Uwezo wa kusimamia jambo la namna hiyo tulishauonyesha. Juni 16, 2016, baada ya miezi ya matangazo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zenye namba tambulishi za bandia. Kila mtu alijifunza kubonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Nililiunga mkono zoezi lile na bado naliunga mkono. Lakini hasara yake ilimwangukia aliyeishika simu usiku ule, wala si aliyeiingiza nchini au aliyeiuza dukani. Mamlaka inayoweza kuifikia simu moja moja hadi kijijini inaweza pia kumfikia aliyeiuza.

Kuna ncha nyingine ya safari hii, na huko pia wanazungumza Kiswahili. Masisi ni eneo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Irabu moja tu inalitofautisha na Masasi. Ndani yake upo mgodi wa Rubaya, unaokadiriwa kutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, madini yanayotumika kwenye vijenzi vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Waasi wa M23 waliutwaa mwaka 2024. Desemba mwaka huo mawakili wa serikali ya Kongo waliwasilisha malalamiko ya jinai Paris na Brussels dhidi ya matawi ya Apple, wakidai kwamba kampuni hiyo inanufaika na madini ya vita. Apple ilikanusha vikali, ikasema imewaagiza wasambazaji wake waache kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Februari 2025 waendesha mashtaka wa Paris walilitupa lalamiko kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Brussels lilikwenda kwa jaji wa uchunguzi. Mchimbaji mwenye sululu yuko mbali na mahakama hizo, kama alivyo mama wa Newala. Mwenye simu mpya, aliye katikati yao, ndiye peke yake anayefikiwa na fidia.

Nairobi imejaribu njia nyingine. Daniel Motaung, aliyefanya kazi huko ya kuchuja maudhui ya Facebook, aliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, mwaka 2022. Kampuni ikajitetea kwamba haina ofisi Kenya, hivyo haiwezi kushtakiwa hapo. Mahakama ilikataa utetezi huo Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa ikaukataa tena Septemba 2024. Kesi yenyewe ni ya kazi, haihusu bidhaa, lakini kwa watu wa huku uamuzi huo una uzito wa kipekee: madhara yakitokea hapa, majibu yanaweza kudaiwa hapa.

Fundi alimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Betri mpya ilitoka kwenye karatasi yenye maandishi ya Kichina, bila tarehe. Ile iliyovimba aliitia kwenye kopo la rangi chini ya meza, pamoja na nyingine zipatazo thelathini, kwa kuwa mjini hapakuwa na mahali alipojua pa kuzipeleka. Mama aliiwasha simu, akaitazama muda mrefu.

"Itanifikisha msimu ujao, mwanangu?"

"Mama, ile ya zamani sikujua ni ya mwaka gani," alisema. "Na hii pia hawakuandika."

Mama aliifunga simu tena kwenye pindo la kanga, akaenda kutafuta gari la Newala.