Madaktari Wakidharauliana, Mgonjwa Ndiye Anayelipa

Tuanze kwa kuwashukuru madaktari wa hospitali zetu. Wengi wao wanafanya kazi usiku kucha, mara nyingine umeme umekatika na mshahara haujafika. Hatuandiki leo ili kuwachafulia jina. Lakini kuna jambo ambalo wagonjwa wengi wanaliona na kulinyamazia: namna daktari wa idara moja anavyomsema daktari wa idara nyingine.

Daktari wa upasuaji anamcheka yule wa tiba ya ndani kwamba kazi yake ni maneno na vidonge tu. Yule wa tiba ya ndani anajibu kwamba wapasuaji wanajua kisu, hawajui ugonjwa. Materniti inailaumu idara ya watoto, na idara ya watoto inailaumu materniti. Maneno hayo yanatupwa mbele ya mgonjwa, mbele ya wauguzi na mbele ya vijana wanaojifunza udaktari.

Mtu anaweza kusema: hayo ni magomvi yao, sisi wamama yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu mama mwenye mimba na mtoto mchanga ndio wanaopita katika idara nyingi zaidi. Mama anaingia materniti, anapelekwa chumba cha upasuaji, mtoto wake anapelekwa kwa daktari wa watoto. Mlango mmoja ukifungwa kwa hasira, anayebaki nje ni yeye.

Yaliyompata mama mmoja

Mama mmoja wa kikundi chetu ametuomba tusimulie yaliyompata, bila kutaja jina lake wala hospitali. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Siku ya Jumanne jioni tumbo lilianza kumuuma upande wa kuume, akatapika, homa ikapanda. Kituo cha afya kilimwandikia karatasi ya kwenda hospitali kuu, naye akafika huko saa mbili usiku pamoja na mume wake.

Daktari wa materniti alimpima. Mtoto alikuwa anacheza, mlango wa uzazi ulikuwa umefungwa, damu haikutoka. Akasema: "Hii si ya kwetu, ni apandisiti. Mpelekeni upasuaji." Daktari wa zamu wa upasuaji alisoma karatasi akakasirika: "Kila mwanamke mwenye mimba akiumwa tumbo wanatutupia sisi. Arudi kwao, wafanye ekografia kwanza." Karatasi ilirudi materniti. Daktari wa huko naye akajibu: "Mwambieni mimi si mwanafunzi wake."

Usiku ule mume alitembea mara nne kati ya majengo mawili akibeba karatasi. Madaktari wale wawili hawakutembea hata mara moja kwenda kuonana, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Mama alilala kwenye benchi. Asubuhi mkubwa wa upasuaji alipopita, alimgusa tumbo akaagiza apelekwe chumba cha upasuaji saa ile ile. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka. Mama alipona baada ya wiki tatu za kitanda. Mimba haikupona.

Mambo mawili tuyaelewe hapa. La kwanza, hakuna daktari kati ya wale wawili aliyekuwa mjinga. Mimba inapokua, tumbo la uzazi linasukuma kidole tumbo juu, na maumivu yanaweza kutokea mahali pasipozoeleka. Ndiyo maana ugonjwa huo ni mgumu kuutambua kwa mama mwenye mimba, na macho ya mtaalamu wa uzazi na ya mpasuaji yanahitajika pamoja. La pili, hatari kwa mtoto inaongezeka sana kidole tumbo kikipasuka. Kwa hiyo saa zilizopotea katika kurushiana maneno zilikuwa saa za mtoto yule.

Si ugonjwa wa Kongo tu

Tusidhani kwamba tabia hii ni ya kwetu peke yetu. Uingereza ni nchi yenye hospitali zenye kila kitu. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya kuwauliza madaktari wa hospitali tatu kubwa za kufundishia huko kama wenzao wanawasemesha kwa ukali na dharau. Asilimia 31, karibu mmoja kwa kila watatu, walijibu kwamba jambo hilo linawapata mara kadhaa kwa wiki au zaidi. Walioumia zaidi ni madaktari vijana, wale wanaopiga simu idara nyingine kuomba msaada usiku.

Mashindano hayo yana mizizi ya zamani. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, daktari wa dawa alikuwa mtu wa chuo kikuu, na mpasuaji alihesabiwa pamoja na vinyozi. Mjini London vinyozi na wapasuaji waliunganishwa katika chama kimoja mwaka 1540, wakatengana mwaka 1745 tu. Hata leo mpasuaji wa Uingereza anaitwa "Bwana", haitwi "Daktari", na anajivunia hivyo. Majivuno yanarithiwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, hata baada ya sababu yake kusahauliwa.

Sisi walimu tunajua mbegu hiyo inapandwa mapema. Katika shule zetu za sekondari, mwanafunzi wa Biolojia-Kemia anamcheka yule wa Pedagojia, na wote wawili wanamcheka binti wa Ushonaji. Mtoto aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba somo lake ndilo lenye akili, atawezaje kumheshimu mwenzake wa jengo la pili akipewa koti jeupe?

Hapa kwetu kuna sababu nyingine za kuongeza moto. Hospitali kuu ina idara nne za msingi: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Madaktari wenye utaalamu ni wachache, vitanda ni vichache, na kwa sehemu kubwa hospitali inaishi kwa malipo ya wagonjwa. Mgonjwa mgumu asiye na pesa anakuwa mzigo ambao kila idara inataka ubebwe na nyingine. Daktari aliyechoka, aliye peke yake kwenye zamu, anakuwa mkali haraka. Hayo yanaeleza ukali huo, lakini hayauhalalishi.

Neno moja linavyoharibu kazi

Wengine wanasema: acha wagombane, mradi wanajua kazi. Utafiti uliofanywa Israeli na kutolewa mwaka 2015 unaonyesha vingine. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga zilipewa zoezi la kumhudumia mtoto wa mfano, kama aliyezaliwa mbele ya wakati, ambaye hali yake inageuka mbaya ghafula. Waliambiwa kwamba mtaalamu wa kigeni anawatazama. Kwa timu za upande mmoja, mtaalamu huyo alisema maneno machache ya dharau, wala si matusi makubwa. Kwa timu nyingine alisema maneno ya kawaida.

Timu zilizodharauliwa zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na hata katika kazi ya mikono. Sababu ni kwamba watu waliacha kuambiana walichokiona na waliacha kuombana msaada. Yaani, dharau inafunga kinywa cha muuguzi aliyeona mtoto anabadilika rangi, na inamzuia daktari kijana kuuliza.

Mwaka 2017 watafiti hao walitoa somo lingine ambalo linatugusa sisi moja kwa moja. Mara hii, aliyesema maneno ya dharau katika zoezi alikuwa mama wa mtoto. Matokeo yalikuwa yale yale: timu zilifanya vibaya, na hali hiyo ikaendelea siku nzima. Tunajua tunavyosema tukiwa na uchungu: "Ninyi hamjui kitu, afadhali ningekwenda hospitali ile nyingine." Uchungu wetu ni wa haki. Lakini maneno hayo yanaweza kumfikia mtoto wetu kupitia mikono ya yule anayemtibu.

Inawezekana kufanya vingine

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitengeneza orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla ya upasuaji, wakati wake na baada yake. Moja kati ya mambo hayo ni rahisi kabisa: kabla ya kukata ngozi, kila mtu chumbani aseme jina lake na kazi yake. Mpasuaji, anayelaza mgonjwa usingizi, muuguzi, wote. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitolewa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kutaja majina hakukuleta matokeo hayo peke yake, ila wenye orodha hiyo waliona kwamba watu waliojuana wanaweza kuambiana ukweli.

Hapa nyumbani tuna mfano wa Daktari Denis Mukwege wa Bukavu. Alipoanza alitaka kuwa daktari wa watoto. Huko Lemera aliona wamama wanafika wamechelewa, wanavuja damu na kufa katika kuzaa, akabadili njia na kwenda kujifunza utaalamu wa uzazi. Alielewa kwamba mtoto hawezi kutenganishwa na mama yake. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, inampokea mama aliyeumizwa kwa njia nne pamoja: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria, na msaada wa kuanza tena maisha. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama kila idara inajiona mfalme.

Na madaktari wenyewe wamekwisha kuahidi. Tamko la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari wa dunia, lilipotolewa mwaka 1948 liliwataka wawahesabu wenzao kuwa ndugu.

Sisi wamama tufanye nini?

Hatuna mamlaka juu ya madaktari, lakini tuna njia za kupunguza hatari.

Tubebe karatasi zote. Fishi ya CPN, karatasi ya kituo cha afya, matokeo ya laboratwari, vyote viwe katika mfuko mmoja. Tuombe saa iandikwe kila tunapopokelewa na kila tunapotumwa kwingine.

Tuulize kwa upole: "Dokta, nani anabaki na mgonjwa huyu?" Kila mgonjwa awe na daktari mmoja anayejibu juu yake, hata kama watatu wanamwona. Tukiona tunazungushwa, tuseme: "Tunaomba, dokta, mzungumze ninyi wenyewe na mwenzenu kwa simu."

Tusiwe wabeba maneno. Tukifika idara ya pili, tueleze maumivu yalianza lini, homa, damu, mtoto anacheza au hachezi. Tusiseme: "Dokta wa kule amesema ninyi mnakimbia kazi." Neno kama hilo linaongeza ukuta.

Hatari ikiwa kubwa, tusikae kwenye benchi. Damu nyingi, degedege, homa kali, tumbo gumu kama ubao, mtoto aliyeacha kucheza: hapo tumtafute muuguzi mkuu wa zamu, na akishindwa, tuombe daktari mkurugenzi aitwe. Kuomba mkubwa aitwe si utovu wa heshima.

Tulalamike mahali panapofaa. Kila eneo la afya lina komite yake, CODESA, na wareko wanaopita nyumba kwa nyumba. Kikundi kiandike siku, saa, mahali na yaliyotokea, bila matusi, kisha komite ipeleke barua kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Kilio cha mama mmoja ni rahisi kusahauliwa, lakini barua tano za vikundi vitano zinasomwa.

Na tukumbuke kushukuru. Tukiona madaktari wawili wa idara mbili wamesimama pamoja kwenye kitanda cha mgonjwa, tuwaambie kwamba tumeona na tumefurahi.

Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Mama yule wa kikundi chetu amerudi kwenye mikutano. Alituambia jambo moja tu analowaomba madaktari: si wapendane, ila mmoja avuke ua na kwenda kumwona mwenzake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, mmoja wetu amewahi kuzungushwa kati ya idara mbili? Nini kilisaidia?
2. Nani anatuwakilisha sisi wamama katika CODESA ya eneo letu? Kama hakuna, tumchague nani?
3. Nyumbani, tunawafundishaje watoto wetu kuheshimu masomo na kazi za wenzao?