Ushahidi wa Mpita Njia

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa Kenya, na muda mfupi baadaye serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ilikuwa inawaka kwa ghasia, redio na televisheni zimefungwa mdomo. Simu za mkononi hazikunyamaza.

Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa na blogu yake, Kenyan Pundit, ikageuka kapu la taarifa za kila aliyeona jambo mtaani kwake. Zilipomzidi, mapema Januari 2008 akauliza hadharani kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuziweka kwenye ramani. Wakajitokeza, na baada ya siku chache ramani ikawa hewani: mtu anatuma ujumbe mfupi, tukio linatiwa alama pale lilipotokea. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, programu hiyohiyo ilitumika huko, mikononi mwa watu ambao pengine hawakujua neno jingine lolote la Kiswahili.

Jina lilichaguliwa vizuri. Ushahidi si hukumu. Shahidi husema alichoona, kisha lazima awepo wa kumhoji. Hapo ndipo ulipo mvutano kati ya raia wenye simu na vyumba vya habari. Wengi hudhani ugomvi ni wa nani atatangulia, lakini mbio hizo gazeti lilishashindwa siku nyingi. Kilichobaki ni swali la dhamana: nani atasimama mbele ya wasomaji na kusema, hii ni kweli, nami nitawajibika ikiwa si kweli?

Kazi ya kuthibitisha haina fahari. Video inaingia chumba cha habari usiku, imeshazunguka makundi kumi ya WhatsApp. Picha au video ikishapita huko kwa njia ya kawaida, kumbukumbu ya ndani inayoonyesha siku na mahali iliporekodiwa hufutika. Basi mhariri anarudi kwenye macho yake: kibao cha duka kinasomekaje, namba ya gari ni ya nchi gani, kivuli kimeelekea wapi, mnara ule wa nyuma unaonekana kwenye picha za satelaiti? Mara nyingi jibu linakuja haraka na linaudhi: ni tukio la miaka mitatu iliyopita, nchi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ikifanywa kwa ukamilifu, huzaa matunda. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia bungeni Nairobi wakipinga Muswada wa Fedha, na baadhi yao wakapigwa risasi. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu iliyojengwa juu ya uchambuzi wa picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za watu waliokuwapo. Bila simu zao filamu isingekuwapo. Bila wachambuzi, picha hizo zingebaki makelele ya mtandaoni.

Tanzania nayo inaonyesha kwamba mpaka kati ya pande hizi haukuwa ukuta tangu mwanzo. Issa Michuzi alikuwa mpigapicha wa gazeti alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, baada ya kusukumwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ndizo zilizojenga ukuta: mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ada ya namna hiyo humtenga asiye na fedha. Mwongo mwenye fedha inamwacha apite.

Vyombo vikubwa navyo visijitakase. Vinachukua video ya mtu aliyehatarisha maisha, kisha vinaandika chini yake “picha kwa hisani ya mtandao”, kana kwamba Mtandao ni mpigapicha aliyeajiriwa.

Ukirekodi jambo zito, basi, taja kwa sauti mahali ulipo na saa, usikate mwanzo wala mwisho, na faili la asili libaki kwenye simu yako. Ukilituma kwa mhariri unayemwamini, litume kama waraka, si kama picha au video, ili kumbukumbu yake ya ndani isifutike. Ila ukihofia kutambuliwa, kumbuka kwamba kumbukumbu hiyohiyo inaweza kuonyesha uliposimama.