TANBIHI KWA WAZAZI: KUUTAMBUA UGONJWA WA BOTULIZIMU KWA WATOTO WACHANGA

Wazazi wanatanabahishwa kwamba asali, ijapokuwa ni shifa kwa mkubwa, haimfai mtoto aliye chini ya miezi 12. Yaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu, visivyokufa kwa kuchemshwa jikoni. Vikifika tumboni mwa mtoto huchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli.

Dalili ya mwanzo aghalabu ni kufunga choo. Hufuatia kunyonya kwa unyonge, kilio hafifu, kope kulegea na shingo kukosa nguvu, mara nyingi bila ya homa. Mtoto wa namna hiyo afikishwe hospitali mara moja, kwani huweza kushindwa kupumua. Daktari aelezwe mtoto alilishwa nini. Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima choo chake. Lakini matibabu hayangoji majibu.