Majuu Yangu ni Kigali, Buda

Ambia wasee wa Umoja uko majuu, vichwa vyao vinafika Ulaya mbio: theluji, jaketi nono, picha ukiwa umeegemea ndai si yako. Waambie ni Kigali, wanakucheka. "Si hapo ni kuvuka Uganda tu?" Eeh, ni kuvuka Uganda tu. Jioni unapanda basi Nai, ngware uko boda, mchana Kampala, na ukifika Gatuna, boda ya Rwanda, matako yashakufa ganzi. Lakini umevuka na ID ya Kenya, juu tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke na kitambulisho. Linganisha na ile viza ya Ureno ya wafanyakazi wa kuhamahama, D8, ilitoka 2022: lazima uoneshe kila mwezi unaingiza mara 4 ya mshahara wa chini wa kule. Dizaina wa kawaida wa Eastlands, hapo stori yake imeishia.

Wengi hudhani watu hukuja Kigali juu ya bei. Zii. Keja fiti ya Kacyiru ama Kimihurura itakutoa jasho ka ya Kilimani. Kitu inafanya nichape job huku ni saa. Kigali iko nyuma ya Nai na saa 1, kwa hivyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba inasoma saa sawa na Berlin. Klayenti akifungua lapi yake, na mimi nafungua yangu. Tunaingia kwa faili moja ya Figma, naona kishale chake kikitembea juu ya kazi yangu ka karao anatafuta makosa, tunamalizana, jioni yake ni jioni yangu. Wale wa kuchapia San Francisco ndo wana noma: kule kukiwa saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi, huku ni saa kumi na mbili jioni, na kolu ya kwanza inakupata ukinusa mishikaki ya jirani.

Sasa kuna kitu hakuna mtu huwa anakushow kabla uhame. Macho ya dizaina wa Nai yamelelewa na manganya. Umekua ukiona mathree ya Rongai imebeba sura ya rapa kwa mlango, fonti tatu zinagombania dirisha moja, taa za zambarau ndani, na bado ikipita spidi unaisoma yote. Serikali ilijaribu kutuliza hiyo fujo, 2004 zile sheria za waziri Michuki zikaleta mstari wa njano, lakini rangi zikarudi tu. Hiyo ndo shule yetu. Hatukulipa karo, tulilipa nauli.

Kigali haina hizo vurugu. Mabasi yametulia, kuta zimetulia, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2008, na nduthi inabeba abiria mmoja, wewe na dere wote mmevaa helmeti. Kubebwa mshikaki, sahau. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, watu wanatoka kusafisha mtaa na barabara zinanyamaza. Msee wa Kanairo anapumua wiki za kwanza, kisha unashangaa: dizaini zako zimeanza kupauka. Nyeupe mob, kijivu mob, kila kitu imepangwa ka sebule ya mgeni. Klayenti akaniuliza rangi zimeenda wapi.

Dawa niliipata kwa imigongo. Hii ni sanaa ya mashariki ya Rwanda, upande wa Kirehe, si mbali na boda ya Tanzania. Wanachukua mavi ya ng'ombe, wanachanganya na majivu, wanainua matuta kwa ubao, yakikauka wanapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Maumbo ni pembetatu, zigizaga na almasi zinazojirudia. Wazee husimulia ilianza na Kakira, mtoto wa mfalme wa Gisaka, akirembesha nyumba. Mimi naona gridi. Hakuna hata mstari umewekwa bure, na lile tuta linatupa kivuli chake, so rangi tatu zinafanya kazi ya tano. Nganya inakufunza kupiga kelele ukiskika, imigongo inakufunza kunyamaza bila kupotea. Dizaina akishika zote mbili, huyo ni hatari, na sisemi hivyo kumfurahisha mtu.

Ukimiss lugha, ingia mtaa wa Nyamirambo. Huko Kiswahili kimekaa tangu enzi za ukoloni, na wafanyabiashara Waislamu, hata kabla nchi ikifanye lugha rasmi 2017. Unapewa chai ya maziwa na chapati, unabonga, hakuna mtu anakuangalia ka mtalii. Sheng yako lakini hawaielewi vizuri, punguza mwendo.

Ganji ya euro nayo ina makelele yake. Mathe akiskia "euro", bati ya shags inavuja siku hiyo hiyo. Ushuru pia usichorewe. Raia wa Afrika Mashariki anapewa miezi 6 ka mgeni, na pasi ya mgeni si kibali cha kazi. Ukipitisha siku 183 ndani ya miezi 12, Rwanda inakuhesabu mkazi wa kodi. Tafuta msee wa hesabu mapema, kabla wakutafute.

Halafu Aprili, kuanzia tarehe 7, mji unaingia maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Muziki unazimwa, sherehe zinasimama wiki nzima. Ukiwa mgeni, nyamaza na usikilize.

Sherehe za kawaida zipo, lakini tangu Septemba 2023 baa zinafungwa saa saba usiku, wikendi saa nane. Ka wewe ni wa kukesha hadi che, baki tu Nai. Ka una klayenti wa Ulaya na unataka kulala mapema, beba lapi, jaketi ya jioni, na adapta, juu soketi za huku ni za mashimo ya duara. Ile chaja yako ya pini tatu za Nai haiingii.